Shajara ya mradi: kuiendesha jetan na sataranji nyingine za kubuni

Januari: msingi

Mradi wenyewe ni huu: programu moja itakayocheza sataranji zilizobuniwa ndani ya hadithi za kisayansi. Jetan ya Mirihi kutoka riwaya ya Edgar Rice Burroughs, ubao wa ghorofa wa kipindi cha televisheni Star Trek, na nyingine zitakazokubali. Sharti ni moja. Kanuni zitoke kwa mtunzi mwenyewe, kwenye kurasa au kwenye skrini, na pale aliponyamaza nisimsemee. Penye shaka naweka swichi; anayecheza atachagua.

Sharti hili linabana kuliko linavyoonekana, kwa sababu wengi wa watunzi hawa hawakubuni mchezo, walibuni samani. Ubao unawekwa mezani, wahusika wawili wanaukazia macho, mtazamaji anaelewa kwamba hao ni watu wenye akili, basi. Nani kashinda na kashindaje, hilo halikumhusu mtu. Ndiyo maana kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo kila mchezo naupa swali lilelile: hapa mtu hushindwaje? Usio na jibu unaingia kwenye folda niliyoiita "mapambo" na unabaki humo.

Kwa upande wa ufundi, programu za kawaida za sataranji huuchukulia ubao kama jedwali la 8 kwa 8, na kasi yao yote imejengwa juu ya hilo. Mimi siwezi. Nina ubao wa 10 kwa 10, mwingine wa ghorofa ambao vipande vyake vinahama, mwingine wa duara. Kwa hiyo kila mraba ni kituo kinachojua majirani zake na kila jirani yuko upande gani. Kete nayo ni orodha ya hatua inazoruhusiwa. Inakwenda polepole, lakini haijali umbo la ubao.

Februari: majaribio

Kabla ya kugusa michezo migeni nilitaka uhakika kwamba injini, yaani programu yenyewe, inaicheza sawasawa sataranji tunayoijua. Mbinu ya kupima nimeiazima kwa Spock, afisa wa chombo cha anga cha Star Trek. Katika sehemu ya Star Trek iitwayo "Court Martial", iliyoonyeshwa mwaka 1967, Kapteni Kirk anashtakiwa kwa ushahidi uliotoka kwenye kompyuta ya chombo chao. Spock haanzi kwa kuchokonoa kumbukumbu za mashine. Anaketi kucheza nayo sataranji. Mchezo huo aliuingiza yeye mwenyewe kwenye kompyuta, na kwa hesabu yake matokeo bora anayoweza kuyapata ni sare. Anaishinda, tena na tena. Kumbe kuna mtu ameihujumu. Waandika programu wa leo hufanya hivyohivyo kila siku: unaiwekea mashine maswali ambayo majibu yake unayajua, na jibu likibadilika bila wewe kugusa mahali hapo, unajua kuna kilichoharibika.

Maswali yangu nimeyatoa kwenye filamu. La kwanza ni 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, pale kompyuta HAL inapocheza na mwanaanga Frank Poole. Hali ya ubao ni ya mchezo wa kweli, Roesch dhidi ya Schlage, Hamburg, 1910. HAL ana kete nyeusi. Malkia wake yuko d3 (herufi ni mstari wa wima, tarakimu ni safu kuanzia upande wa weupe), naye anatangaza mwendo wa mwisho kwa mtindo wa zamani wa kutaja miraba, ule ambao mstari wa wima huitwa kwa kete inayoanzia hapo na kila mchezaji huhesabu safu kuanzia upande wake: malkia kwenda askofu tatu. Anachotaka kufanya ni kwenda f3, na kwa anayehesabu kutoka upande wa weusi hapo ni askofu sita, siyo tatu. Nikaiandikia injini kisomaji kikali cha mtindo huo, kisha nikaipa maneno ya HAL kama yalivyo. Ikakataa. Askofu tatu ya weusi ni ama c6 ama f6, na malkia aliye d3 hafiki kokote kati ya hizo kwa mwendo mmoja. Kompyuta isiyokosea kamwe imetaja mwendo usiowezekana, na Frank amekubali kushindwa bila kuuliza.

Si hilo tu. HAL anaendelea kana kwamba Frank lazima amle malkia kwa askofu, halafu farasi aje kumaliza. Injini inaonyesha kwamba nyeupe halazimiki kula; anaweza kuvuta muda kwa miendo kadhaa, ingawa kushindwa kuko palepale. Wapo wanaosema kosa limewekwa makusudi, kwamba mwongozaji wa filamu, Kubrick, aliyekuwa mchezaji sataranji hasa, alitaka kutupa dalili ya mapema kuwa mashine inaanza kuharibika. Inavutia, ila mimi naona ulimi wa mwandishi umeteleza tu. Mtu anayetaka dalili ionekane asingeificha mahali ambapo karibu hakuna atakayeiona.

Blade Runner ya 1982 imepita bila tatizo. Malkia kwenda askofu sita, farasi anamla malkia, askofu kwenda mfalme saba, mwisho. Hizo ni hatua za kumalizia za mchezo maarufu wa Anderssen na Kieseritzky, London, 1851, na kisomaji kimezikubali zote. Ukiitazama filamu kwa makini, mbao mbili zinazoonekana, wa mhusika Sebastian na wa mpinzani wake Tyrell, hazilingani. Masikio yalipewa mchezo wa kweli, macho yakapewa kete zilizopangwa ovyo.

Nimeongeza pia michezo miwili iliyofichwa ndani ya hadithi nzima: Steinitz na Chigorin, Havana 1892, ambayo John Brunner aliitumia kama mifupa ya riwaya yake The Squares of the City (1965), watu wakiwa kete, na Halprin na Pillsbury, Munich 1900, iliyoko ndani ya "Unicorn Variation" ya Roger Zelazny. Hii ya pili iliisha sare. Kwa kipimo changu zinahesabika kama sataranji ya kawaida, kwa hiyo zimekwenda kwenye majaribio na kazi ikaendelea.

Machi: jetan

Hapa ndipo nilipokuwa nikikimbilia muda wote. Edgar Rice Burroughs alitoa The Chessmen of Mars mwaka 1922, na mwishoni mwa kitabu akaambatisha kanuni kamili za jetan, sataranji ya Mirihi. Nasema kamili kwa kuwalinganisha na wenzake: ubao umeelezwa, mpangilio umeelezwa, mwendo wa kila kete umeelezwa, na swali langu la kushindwa limejibiwa. Maelezo yaliyomo ndani ya hadithi na yale ya nyongeza hayalingani kila mahali, kwa hiyo nimeichukua nyongeza kuwa sheria.

Ubao ni wa miraba 100, nyeusi na rangi ya chungwa kwa kupokezana. Kila upande una kete 20. Safu ya nyuma, kutoka pembe hadi pembe: Mpiganaji, Padwar (luteni), Dwar (kapteni), Mrukaji, Jemadari, Binti Mfalme, kisha Mrukaji, Dwar, Padwar na Mpiganaji wa upande wa pili. Mbele yao wamesimama Panthan wanane, askari wa kukodiwa walio kete dhaifu kuliko zote, na Thoat, askari aliyepanda mnyama, kwenye kila ncha. Unashinda ukitua kwenye mraba wa Binti Mfalme wa adui, au Jemadari wako akimla Jemadari mwenzake. Binti Mfalme hali mtu, haruhusiwi kwenda kwenye mraba unaotishwa, na mara moja katika mchezo mzima anaweza kutoroka kwa mwendo wa miraba kumi.

Kinachoitofautisha jetan na sataranji yetu ni kwamba kete zinahesabu hatua. Ngome yetu huteleza hadi itakapozuiwa. Mpiganaji wa Mirihi anapiga hatua mbili za wima au mlalo, na anaweza kukata kona katikati. Padwar mbili za mshazari. Dwar tatu za wima au mlalo, Mrukaji tatu za mshazari tena akiruka vichwa vya wengine. Jemadari na Binti Mfalme tatu za mwelekeo wowote, changanya upendavyo.

Je, hatua mbili ni mbili kamili, au ni mpaka mbili? Burroughs hakufafanua. Swichi ya kwanza ikazaliwa hapo. Nimeweka "kamili" kuwa chaguo la msingi kwa sababu ndivyo maneno yanavyosomeka usipoyaongezea kitu, na nikazuia kete kurudi ilikotoka ndani ya zamu ileile. Kisha nikaiagiza injini ichore ramani ya kila kete kwenye ubao mtupu: inafika wapi kwa zamu moja, na inafika wapi ikipewa zamu zisizo na mwisho.

Ramani hizo nimezitazama jioni nzima.

Mpiganaji anatishia miraba minane, na habadilishi rangi maisha yake yote, kwa kuwa kila hatua inabadili rangi na yeye hupiga mbili. Wapiganaji wawili wa upande mmoja huanzia kwenye pembe zenye rangi tofauti. Maana yake hakuna siku mmoja atamlinda mwenzake. Dwar ni kinyume chake: hatua tatu, kwa hiyo hawezi kukaa kwenye rangi ileile zamu mbili mfululizo. Thoat, anayeitwa farasi na wasomaji wengi, anapiga hatua moja ya wima au mlalo na moja ya mshazari. Ukizichukua kwa mwelekeo wowote anafika miraba kumi na miwili, yaani ile minane ya farasi wetu na mingine minne iliyogusana naye. Jemadari, akisimama katikati ya ubao mtupu, anafika miraba 48.

Lakini Padwar ndiye aliyenishangaza. Hatua mbili za mshazari, uzipange utakavyo, humsogeza kwa miraba miwili au humwacha palepale kwenye kila mhimili. Kamwe si mmoja. Kwa hiyo aliyeanza kwenye safu isiyogawanyika kwa mbili atabaki kwenye safu za namna hiyo mpaka mwisho, na kwenye mistari ni hivyohivyo. Robo moja ya ubao, miraba 25, ndiyo dunia yake yote. Sasa tazama wanakoanzia Padwar wote wanne, wawili wa kwetu na wawili wa adui: kila mmoja ameangukia robo yake. Wanne hao wamegawana ubao mzima bila kuachiana hata mraba mmoja wa pamoja. Hakuna Padwar anayeweza kumla Padwar, wala kumlinda, wala kumzuia kwa kusimama mahali pake.

Sidhani Burroughs alilijua hilo. Alichukua vyeo vya jeshi la Mirihi na kuvipa hatua kulingana na ukubwa wa cheo, mkubwa tatu, mdogo mbili. Mgawanyo huu ukajitokeza wenyewe ndani ya hesabu. Na hautauona kwa kusoma kitabu, hata ukikisoma mara nyingi. Unaonekana kanuni zinapotembea. Ukigeuza swichi kuwa "mpaka mbili" unatoweka, maana Padwar anayeweza kupiga hatua moja anafika kila mraba wa rangi yake. Ni kitufe kimoja tu, na nyuma yake kuna michezo miwili tofauti.

Machi, mwishoni: sare

Kanuni ya sare ni ya ajabu zaidi. Jemadari akiliwa na kete yoyote isiyo Jemadari, mchezo unaishia hapo bila mshindi.

Niliipa injini kanuni hiyo na mara moja anayeelekea kushindwa akabadili tabia. Haokoi tena kete zake. Anatuma kila kitu kikamkamate Jemadari wa adui, kwa sababu sare ni afadhali kwake. Anayeongoza naye analazimika kumficha Jemadari, kete yake yenye miraba 48, nyuma kabisa. Kete yenye nguvu kuliko zote inakuwa mzigo mara tu unapoanza kushinda. Ndani ya riwaya jambo hili halisumbui, kwa kuwa msomaji anangojea Jemadari akutane na Jemadari panga zikiwa nje. Mezani, mchezaji mwenye akili atalikwepa pambano hilo akiwa mbele na kulikimbilia akiwa nyuma.

Sijaigusa kanuni. Ni ya mtunzi, na ninaanza kuipenda.

Aprili: ghorofa

Kwa ajili ya mbao za ghorofa nilihitaji kwanza mchezo wenye kanuni zisizo na mashaka, ili nijue injini inaelewa kupanda na kushuka. Nikachukua Raumschach ya Mjerumani Ferdinand Maack, ya mwaka 1907: ghorofa tano, kila moja 5 kwa 5, jumla miraba 125. Hii si ya hadithi, ni ya kweli, tena imeitangulia karibu kila ghorofa ya kwenye skrini. Kabla yake kuna nyingine ya 8 kwa 8 kwa 8, iliyobuniwa mwaka 1851 na Lionel Kieseritzky. Ndiyo, huyuhuyu aliyeshindwa London mwaka ule kwenye mchezo uliokuja kutumiwa na Blade Runner.

Kwenye mchemraba ngome ina mielekeo sita, askofu kumi na miwili, na inabaki minane inayopita kwenye ncha za vijichemraba, ambayo Maack aliipa kete mpya, Nyati mwenye pembe moja. Nikachora ramani yake, nikamkuta Padwar. Kila hatua ya Nyati inabadilisha mihimili yote mitatu kwa pamoja, kwa hiyo naye amefungiwa: kutoka anapoanzia, kila Nyati hufika miraba 30 tu kati ya 125. Nyati wawili wa upande mmoja wana maeneo tofauti, 30 na 30, na zaidi ya nusu ya ubao hawaigusi kabisa. Mbunifu wa kweli na mtunzi wa Mirihi, hakuna aliyemwiga mwenzake, wamefikia kete ya aina moja.

Sasa Star Trek. Ubao ule ulionekana mwaka 1966 Kirk na Spock wakiucheza, nao uliungwa kutokana na vifaa vya michezo mingine ya ghorofa iliyokuwa ikiuzwa. Una mbao tatu kubwa za 4 kwa 4 na nne ndogo za 2 kwa 2 zinazobanwa kwenye pembe za zile kubwa. Hesabu: 48 na 16, jumla 64, sawa na ubao wetu. Kanuni? Waigizaji walisogeza kete, basi. Mwaka 1975 Franz Joseph alichapisha Star Fleet Technical Manual yenye mpangilio na mwongozo mfupi, na kuanzia 1976 Andrew Bartmess akaukuza mwongozo huo ukawa kanuni kamili.

Kwa sharti langu mchezo huu ulipaswa kwenda "mapambo". Nimeufungulia folda ya pili, "kanuni za mashabiki", kwa sababu moja ya kiufundi: mbao ndogo zinahama. Mchezaji anaweza kutumia zamu yake kuhamisha ubao badala ya kete. Kwenye injini yangu hilo linamaanisha majirani wa mraba wanabadilika katikati ya mchezo, na kete iliyokuwa salama inaweza kujikuta mdomoni mwa adui ilhali hakuna kete iliyosogea. Hakuna mchezo mwingine kwenye orodha yangu wenye kitu kama hicho. Wabunifu wa kipindi hawakukusudia chochote zaidi ya kupendeza macho, na bado wameacha wazo bora kuliko mengi yaliyokusudiwa.

Mei: dejarik

Fupi. Dejarik ni mchezo wa filamu ya Star Wars ya 1977: ubao wa duara na viumbe vinavyopigana juu yake. Vilitengenezwa na kuhuishwa picha kwa picha na Phil Tippett na Jon Berg, na hadi leo ni sehemu ninayoweza kuirudia bila kuchoka. Kanuni pekee inayotamkwa ni ushauri wa roboti C-3PO kwamba Chewbacca, lile jitu la manyoya, aachwe ashinde, kwa usalama wa mikono ya wapinzani wake. Nimeijenga duara, nikaweka vituo na majirani, nikaacha hapo. Mapambo.

Juni: uwanja wa Manator

Nimerudi jetan. Katika riwaya, mji wa Manator huicheza kwa watu hai: kete ni binadamu, na ukitua kwenye mraba wa adui huli bure, mnapigania mraba. Kwa injini hili si pambo la juu juu. Utafutaji wa kawaida unadhani kila mwendo una matokeo mamoja. Sasa kila shambulio lina mawili, na lazima nipime wastani wa yote.

Nikianza na nafasi sawa kwa kila mpiganaji, thamani inapinduka. Panthan kumrukia Dwar ni biashara nzuri, Dwar kumrukia Panthan ni ujinga. Ulinzi unapungua maana, kwa kuwa mlinzi naye itabidi ashinde pambano lake. Kwenye kitabu ustadi wa upanga ni wa mtu, siyo wa cheo, kwa hiyo hatua inayofuata ni kumpa kila kete ustadi wake.

Kuna pengo ambalo sikulitegemea. Jemadari akishambulia Panthan akashindwa pambano, je, "ameliwa" na asiye Jemadari? Kama ndiyo, ni sare, na mchezaji aliyezidiwa anaweza kumtuma Jemadari wake akafe kwa makusudi ili ajiokoe. Injini iliyaona haya kabla yangu na ikaanza kuyafanya bila haya. Swichi nyingine.

La mwisho kwa sasa ni kanuni ya pili ya sare: pande zote zikibakiwa na kete tatu au pungufu zenye thamani sawa, na mchezo usiishe ndani ya miendo kumi, mitano kila upande, ni sare. Burroughs hakutoa orodha ya thamani. Mpiganaji na Padwar wote wanatishia miraba minane, lakini mmoja ana nusu ya ubao na mwingine robo. Ni sawa hao? Nimeichukua kwa maana finyu: kete za jina moja kila upande, Mpiganaji kwa Mpiganaji, Padwar kwa Padwar. Padwar kwa Mpiganaji haihesabiki, mchezo uendelee. Uwanjani kanuni hii nimeizima kabisa hadi suala la ustadi wa upanga litakapokamilika, kwa sababu Wapiganaji wawili wenye ustadi tofauti sijui niwaite sawa kwa hesabu ipi.